Shinikizo la Damu, Figo na Homoni za Uzazi

Namba mbili zinazoandikwa kwenye kadi ya mgonjwa baada ya kupimwa shinikizo la damu husomwa mara nyingi kana kwamba maana yake ni moja kwa kila mtu mzima, awe mwanamume au mwanamke, kijana, mjamzito au mtu aliyekwisha koma hedhi. Lakini figo, ambazo ndizo zenye kauli kubwa katika kupanga shinikizo hilo kwa muda mrefu, hufanya kazi zikiathiriwa na homoni za uzazi, na homoni hizo hubadilika kulingana na jinsia, umri na dawa anazotumia mtu. Ndiyo maana mwanamke aliyekuwa na vipimo vizuri kwa miaka mingi anaweza kuviona vikipanda miezi michache baada ya kuanza vidonge vya majira, wakati wa ujauzito au baada ya hedhi kukoma, na kijana mwenye afya njema anaweza kupandisha shinikizo lake kwa sindano anazochoma ili kukuza misuli. Kila homoni za mwili zinapobadilika, kwa maumbile au kwa dawa, shinikizo linapaswa kupimwa upya, na mtaalamu anayeandika dawa anapaswa kuambiwa mabadiliko hayo.

Haja ya jambo hili ni kubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wapatao bilioni 1.28 wenye umri kati ya miaka 30 na 79 wanaishi na shinikizo la juu la damu, na kwamba karibu nusu yao hawajui kuwa wanalo. Katika umri wa ujana na utu uzima wa mapema wanaume ndio wanaoongoza. Baada ya hedhi kukoma, tofauti hiyo hupungua haraka, na katika uzee wanawake huwafikia wanaume na hata kuwapita. Mwenendo huo unaonekana katika nchi nyingi zenye vyakula na maisha tofauti, na hauwezi kuelezwa kwa chumvi na unene peke yake.

Figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kwa siku, kisha hurudisha karibu yote mwilini na kuacha lita moja au mbili tu zitoke kama mkojo. Kazi hiyo hufanywa na nefroni, yaani vichujio vidogo mno vyenye mirija yake, ambavyo kila figo inavyo kama milioni moja. Chumvi inayorudishwa huvuta maji pamoja nayo, na maji yakizidi katika mishipa shinikizo hupanda. Kwa hiyo badiliko dogo tu katika kiasi cha chumvi ambacho mirija hiyo inarudisha, likidumu kwa miezi, linatosha kumfanya mtu awe mgonjwa. Mwanafiziolojia Arthur Guyton wa Chuo Kikuu cha Mississippi alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba shinikizo haliwezi kubaki juu kwa muda mrefu ikiwa figo zinaweza kutoa chumvi na maji ya ziada bila kizuizi, na hoja yake ndiyo inayofanya figo ziwe mahali pa kwanza pa kuangaliwa katika suala hili.

Mwaka 1898, Robert Tigerstedt na Per Bergman wa Stockholm walitoa katika figo za sungura dutu iliyopandisha shinikizo la damu, wakaiita renini. Leo inajulikana kuwa renini ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha badiliko la kikemia, na kwamba figo huimwaga kwenye damu zinapohisi kuwa shinikizo au chumvi imepungua. Renini hukata protini inayotengenezwa na ini, iitwayo anjiotensinojeni, na kipande kinachopatikana hukatwa tena na kimeng'enya kingine, hasa katika mapafu, hadi kuwa anjiotensini ya pili, ambayo ni miongoni mwa homoni zenye nguvu kubwa zaidi za kukaza mishipa. Homoni hiyo pia huziamuru tezi zilizo juu ya figo kutoa aldosteroni, nayo aldosteroni huzifanya figo zibakize chumvi.

Hata hivyo, homoni yoyote haina kazi mpaka ishikwe na kipokezi, yaani molekuli ya protini iliyo juu ya seli au ndani yake, inayoitambua homoni hiyo na kuianzishia seli kazi fulani. Anjiotensini ya pili ina vipokezi viwili vikuu katika figo, na vinafanya kazi zinazopingana: cha aina ya kwanza hukaza mishipa na kuzuia chumvi isitoke, ilhali cha aina ya pili hulegeza mishipa na kusaidia chumvi itoke kwenye mkojo. Ni sawa na barua moja inayofika kwa wapokeaji wawili, mmoja akaisoma kama amri ya kufunga na mwingine kama ruhusa ya kufungua. Matokeo hutegemea ni wapokeaji wa aina ipi walio wengi zaidi. Upo pia mkondo mwingine wa kinga, ambamo kimeng'enya kiitwacho ACE2 huibadili anjiotensini ya pili kuwa kipande kidogo chenye tabia ya kulegeza mishipa.

Hapo ndipo homoni za uzazi zinapoingia. Tafiti za wanyama wa maabara zimeonyesha mara nyingi kwamba estrojeni, homoni kuu ya ovari, hupunguza vipokezi vya aina ya kwanza katika figo na kuongeza vile vya aina ya pili, wakati testosteroni, homoni kuu ya korodani, huongeza renini na kuusukuma uwiano huo upande wa kukaza mishipa. Katika ukoo wa panya wanaozaliwa na tabia ya shinikizo la juu, madume huwa na shinikizo kubwa kuliko majike. Madume wakihasiwa wakiwa wadogo, tofauti hiyo hutoweka, na majike waliotolewa ovari wakipewa testosteroni, shinikizo lao hupanda. Figo za panya jike hutoa chumvi ya ziada haraka kuliko za dume. Isitoshe, jeni ya kipokezi cha aina ya pili na ile ya kimeng'enya cha ACE2 zote ziko kwenye kromosomu X, ambayo mwanamke anazo mbili na mwanamume moja, kwa hiyo tofauti ya jinsia haitokani na homoni peke yake. Panya si binadamu, na idadi ya vipokezi katika figo ya mtu aliye hai haipimwi kwa urahisi. Lakini mwelekeo wa tafiti hizo unalingana na yale yanayoonekana kliniki katika ujauzito, katika matumizi ya vidonge na baada ya hedhi kukoma.

Projesteroni, homoni inayoongezeka katika nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi na zaidi katika ujauzito, ina kipokezi kingine inachokigusa katika figo. Hukikalia kipokezi cha aldosteroni bila kukiamsha, na hivyo huipunguzia aldosteroni nafasi ya kubakiza chumvi. Umuhimu wa jambo hilo ulidhihirika mwaka 2000, wanasayansi walipoeleza familia yenye kasoro adimu ya kurithi katika kipokezi hicho, ambayo hukifanya kiamshwe na projesteroni badala ya kuzibwa nayo. Wanawake wenye kasoro hiyo walipopata mimba, shinikizo lao lilipanda vibaya. Dawa ya spironolaktoni, inayotumika kwa wagonjwa ambao shinikizo lao halishuki kwa dawa tatu za kawaida, hufanya kazi kwa kukiziba kipokezi hicho hicho, na kwa kuwa inagusa pia vipokezi vya homoni za kiume, baadhi ya wanaume wanaoimeza huvimba matiti na kupata maumivu. Mwanamume anayeona dalili hiyo hana sababu ya kuona aibu wala ya kuacha dawa kimyakimya. Amweleze daktari, kwa sababu zipo dawa za kundi hilo zisizogusa sana homoni za kiume.

Jambo linalowatatanisha wengi ni hili: ikiwa estrojeni ni kinga, mbona vidonge vya majira huweza kupandisha shinikizo? Jibu liko katika njia inayotumiwa na katika aina ya homoni. Estrojeni inayotoka kwenye ovari huingia kwenye damu ya mwili mzima kidogo kidogo, lakini ile inayomezwa hupitia kwanza kwenye ini ikiwa nyingi kwa pamoja, na estrojeni iliyotengenezwa maabara inayotiwa katika vidonge vingi huchochea ini kwa nguvu zaidi, hadi ini likatoa anjiotensinojeni kwa wingi. Mnyororo mzima hupata malighafi zaidi kuliko ambavyo vipokezi vya kinga vinaweza kufidia. Vidonge vya kwanza vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1960 vilikuwa na homoni nyingi mara kadhaa kuliko vya leo, na mwaka 1967 John Laragh na wenzake wa New York walikwisha eleza uhusiano kati ya vidonge hivyo, renini, aldosteroni na shinikizo la juu. Vidonge vya sasa vina estrojeni kidogo zaidi, na kwa wanawake wengi huongeza kiasi kisichotambulika kwa urahisi. Lakini wapo wachache ambao shinikizo lao hupanda kufikia ugonjwa, na kwa kawaida hushuka tena miezi kadhaa baada ya kuviacha.

Kutokana na hayo, mwanamke yeyote anayekusudia kuanza vidonge vyenye homoni mbili, yaani estrojeni na homoni inayofanana na projesteroni, apimwe shinikizo kabla ya kupewa pakiti ya kwanza na tena baada ya miezi michache, hata kama anavinunua kwenye duka la dawa la mtaani ambako mara nyingi hakuna anayeuliza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauvipendekezi vidonge hivyo kwa kawaida kwa mwanamke mwenye shinikizo la 140 juu ya 90 au zaidi, na huvikataza kabisa likifika 160 juu ya 100. Kwa mwanamke wa namna hiyo, kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni, hakina kizuizi kwa upande wa shinikizo la damu. Vijiti na vidonge vya homoni moja hukubaliwa kwa wengi. Sindano ya miezi mitatu huhitaji tahadhari, na haipendekezwi shinikizo likiwa kubwa sana. Kosa ambalo ni la hatari kuliko mengine yote ni kuacha njia ya uzazi wa mpango ghafla kwa hofu ya presha bila kuwa na njia nyingine, kwa sababu mimba isiyopangwa kwa mwanamke mwenye shinikizo la juu humhatarisha kuliko karibu njia zote zilizotajwa. Kubadilisha ndiko kunakotakiwa, na hufanywa siku hiyo hiyo kwenye zahanati au kituo cha afya.

Ujauzito huonyesha nguvu ya mfumo huu kuliko hali nyingine yoyote. Renini na anjiotensini huongezeka sana, na bado shinikizo la mjamzito mwenye afya hushuka kidogo katikati ya mimba, kwa kuwa mishipa yake imekuwa mizito kuitika anjiotensini. Watafiti wa Dallas walionyesha mwaka 1973 kwamba wanawake waliokuja kupata shinikizo la juu mwishoni mwa mimba walikuwa wamepoteza ukinzani huo wiki nyingi kabla ya dalili kuonekana, na mwaka 1999 watafiti wa Berlin walieleza kuwapo, katika damu ya wagonjwa wa aina hiyo, kwa kingamwili zinazokishika kipokezi cha aina ya kwanza na kukichochea. Ugonjwa huo, ambao hutambulika kwa shinikizo la 140 juu ya 90 au zaidi baada ya wiki ya 20 pamoja na protini kwenye mkojo au dalili za viungo kudhurika, ndio unaoweza kuishia katika degedege liitwalo kifafa cha mimba, na bado unaua akina mama ambao wangeokolewa.

Mjamzito asiridhike na mahudhurio ya kliniki yasiyo na kipimo cha shinikizo na cha mkojo. Aviombe vyote viwili kila anapokwenda. Maumivu makali ya kichwa yasiyoisha, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, na uso au mikono kuvimba ghafla ni dalili za kwenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku, na hubaki kuwa dalili za hatari hata wiki kadhaa baada ya kujifungua, wakati familia huwa imeelekeza macho yote kwa mtoto. Mwanamke aliyewahi kupata tatizo hilo katika mimba iliyotangulia aliseme mapema katika mimba inayofuata, kwa sababu daktari anaweza kumwandikia aspirini ya kiasi kidogo, miligramu 75 kwa siku, ambayo hufaa ikianzwa kabla ya wiki ya 20, pamoja na kalsiamu pale ambapo chakula cha kila siku hakina ya kutosha. Asijiandikie mwenyewe.

Lipo jambo moja la dawa ambalo kila mwanamke wa umri wa kuzaa anayetibiwa shinikizo anapaswa kulijua kwa hakika. Dawa ambazo majina yake huishia na sauti ya «prili», kama enalaprili na kaptoprili, huzuia anjiotensini ya pili isitengenezwe, na zile zinazoishia na «sartani», kama losartani, hukiziba kipokezi cha aina ya kwanza. Ni dawa nzuri, nazo hulinda figo za wagonjwa wengi wa kisukari, lakini mtoto aliye tumboni anahitaji mfumo huo huo ili figo zake zikue, na dawa hizo zinaweza kuziharibu, kupunguza maji ya uzazi na kumuua. Mwanamke anayezitumia na anayetarajia kushika mimba abadilishiwe mapema, kwa kawaida apewe methildopa, nifedipini au labetaloli, na aliyeshika mimba bila kutarajia arudi kliniki mara moja. Asingojee tarehe ya kuchukua dawa.

Umuhimu wa tatizo la ujauzito hauishi mtoto anapozaliwa. Mwanamke aliyepata shinikizo la juu katika mimba ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata shinikizo la kudumu, ugonjwa wa moyo, kiharusi na ugonjwa wa figo miaka ya baadaye, na kwa hiyo anapaswa kupimwa angalau mara moja kila mwaka maisha yake yote. Ni jambo la kusikitisha kwamba kadi ya kliniki ya uzazi hutupwa au kupotea, na daktari anayemtibu akiwa na miaka 52 hamuulizi habari za mimba alizobeba. Kadi hiyo itunzwe, na asipoulizwa, aseme mwenyewe.

Hedhi hukoma kwa wanawake wengi kati ya miaka 45 na 55, na mapema zaidi kwa waliotolewa ovari zote mbili kwa upasuaji. Estrojeni inapopungua, figo huwa nyepesi zaidi kubakiza chumvi, mafuta hukusanyika tumboni na mishipa hukakamaa, na shinikizo hupanda taratibu bila maumivu yoyote. Kuumwa kichwa, moyo kwenda mbio, jasho la usiku na kukosa usingizi huchukuliwa kuwa ni mambo ya umri tu, na mara nyingine ndivyo yalivyo, lakini hakuna anayeweza kujua bila kupima. Wengine hudhani kwamba kurudisha homoni kwa vidonge kutalishusha shinikizo. Utafiti mkubwa wa Marekani juu ya afya ya wanawake, ambao sehemu yake ya homoni mbili ilisimamishwa mwaka 2002, haukuona hivyo, bali shinikizo la wale waliomeza homoni lilizidi kidogo, kwa wastani wa milimita 1 hadi 1.5 za zebaki. Anayehitaji homoni kwa sababu ya joto kali la mwili na usumbufu mwingine aulize kuhusu ile inayobandikwa au kupakwa kwenye ngozi, ambayo hailipitii ini kwanza.

Kwa wanaume, hatari inayoongezeka ni ya testosteroni na dawa za jamii yake zinazouzwa kwa vijana wa mazoezi ya kunyanyua vyuma. Kiasi kinachotumiwa huko huwa kikubwa kupita cha tiba, huzifanya figo zibakize chumvi, huongeza chembe nyekundu za damu na huweza kudhuru moyo. Hata katika tiba halali tahadhari inahitajika: vidonge vya testosteroni vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 viliwekewa onyo kali la kupandisha shinikizo. Upande wa pili wapo wanaume wanaoacha dawa za presha kwa kuogopa kupungukiwa nguvu za kiume, ilhali shinikizo lisilotibiwa lenyewe huharibu mishipa inayohitajika kwa tendo hilo. Kati ya dawa zilizopo, zile za «sartani» ni miongoni mwa zisizoleta tatizo hilo kwa kawaida, na mazungumzo ya dakika tano na daktari hutosha kubadilishiwa.

Jinsia huathiri pia namna dawa zinavyovumiliwa. Kikohozi kikavu cha dawa za «prili» na uvimbe wa vifundo vya miguu unaoletwa na amlodipini huwapata wanawake zaidi, na dawa za kuongeza mkojo huweza kuwapunguzia sodiamu kupita kiasi, hasa wazee. Miongoni mwa Waafrika, ambao wengi wao wana renini ya chini na figo zinazobakiza chumvi, utafiti uliofanywa katika nchi sita zikiwamo Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba amlodipini ikiunganishwa ama na dawa ya kuongeza mkojo au na perindoprili hushusha shinikizo vizuri kuliko muungano wa hizo mbili bila amlodipini. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wanawake wengi hununua kila mwezi kwa ajili ya maumivu ya hedhi, hupandisha shinikizo na kuzinyima figo damu. Mwenye presha atumie parasetamoli kwanza na aulize kabla ya kuendelea na hizo nyingine.

Chumvi ndiyo inayobaki mikononi mwa mwenye nyumba. Kiasi kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote, na hesabu hiyo inajumuisha ng'onda, papa mkavu, vidonge vya kukolezea mchuzi, na magadi yanayotiwa kwenye maharage, makande au mboga, ambayo yana sodiamu nyingi hata kama hayaonjeki kama chumvi. Chumvi yenye potasiamu badala ya sodiamu husaidia wengi, lakini ni hatari kwa mwenye figo dhaifu au anayetumia dawa za «prili», «sartani» au spironolaktoni, kwani dawa hizo huibakiza potasiamu mwilini.

Kipimo chenyewe kifanywe kwa utulivu: mtu akae kwa dakika tano, mgongo ukiegemea, miguu ikiwa chini bila kukunjwa nne, kibofu kikiwa kitupu, mkono ukiwa usawa wa moyo na kitambaa cha kipimo kikilingana na unene wa mkono, kisha apimwe mara mbili. Nyumbani, wastani wa 135 juu ya 85 au zaidi kwa siku kadhaa ni sababu ya kumwona daktari. Anayegundulika apimwe pia kreatinini ya damu na albumini ya mkojo, ambazo huonyesha kama figo zimeanza kuumia, na kwenye karatasi anayokwenda nayo aandike, pamoja na dawa zote anazotumia, njia yake ya uzazi wa mpango, mimba alizopata na matatizo yake, tarehe ya hedhi ya mwisho, na homoni yoyote aliyowahi kuchomwa au kumeza.